Saa moja nzima, saa moja mbovu: ufunguo wa kundi uliopotelea ndani ya draiva ya Wi-Fi

Shule moja ya sekondari hapa Busia, upande wetu wa Uganda, iliniita kwa lalamiko ambalo mafundi wawili walionitangulia walikuwa wamelitibu kwa kubadilisha nywila. Kompyuta za maabara, zote zikiwa na Linux na zote zikitumia vijiantena vya USB vilivyonunuliwa Kikuubo, soko la Kampala, zilijiunga na Wi-Fi bila shida na kupewa anwani, na alama ya mawimbi ilijaa. Lakini ulifika wakati printa haionekani, mafaili hayapiti kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na kurasa za intaneti zinafunguka kwa kukwamakwama. "Fundi," mwalimu wa kompyuta aliniambia, "hii netiweki ina saa zake. Ikichoka tunaiacha ipumzike, baadaye inarudi yenyewe."

Nilicheka, lakini kauli hiyo ilinifaa kuliko kipimo chochote nilichobeba siku ile. Nilimwomba aandike saa kwenye daftari. Siku ya pili alinionyesha: imeharibika saa nne na dakika kumi asubuhi, imerudi saa tano na dakika kumi, imeharibika tena saa sita na dakika kumi. Umeme wetu wa Busia haukatiki kwa nidhamu ya namna hiyo.

Kabla sijaendelea niitetee nywila, kwa kuwa ndiyo hushtakiwa kwanza. Katika WPA2, mfumo wa usalama wa Wi-Fi, ya majumbani na mashuleni, nywila ya herufi 8 hadi 63 huchanganywa na jina la mtandao na kusagwa mara 4096 ili kutoa ufunguo mkuu wa biti 256, na ufunguo huo hausafiri hewani kamwe. Ruta na kompyuta hupeana jumbe nne tu. Ruta hutanguliza namba yake ya nasibu. Kompyuta hujibu kwa namba yake ikiwa na muhuri, na ufunguo wa kutia muhuri huo hutokana na namba zote mbili, anwani za vifaa vyote viwili na ule ufunguo mkuu. Nywila ikiwa na kosa, muhuri wa ujumbe wa pili hukataliwa, wa tatu hautumwi, na utaiona ruta ikirudia wa kwanza hadi ichoke na kumtoa mteja, mara nyingi kwa sababu namba 15. Basi ukiona jumbe zote nne zimepita, na wpa_supplicant, programu ya Linux inayoiunganisha kompyuta na Wi-Fi, ikianzishwa kwa alama ya -dd itakuonyesha hatua kwa hatua, iache nywila ya watu kama ilivyo.

Kinachopatikana mwishoni mwa jumbe hizo ni funguo mbili. Wa kwanza ni ufunguo wa jozi, ambao ni wa kompyuta hiyo na ruta peke yao. Wa pili ni ufunguo wa kundi, ambao ruta huwagawia wateja wote ili iweze kusema nao kwa pamoja. Mwito unaouliza "ni nani mwenye anwani hii?", tangazo la printa kwamba ipo, na kila kinachoelekezwa kwa wote, hutoka kwenye ruta kikiwa kimefungwa kwa ufunguo wa kundi. Hapa pana jambo linalowapita wengi: kompyuta inapotaka kuwauliza wote, swali lake hupanda hadi kwenye ruta kwa ufunguo wa jozi, kisha ruta ndiyo inayolitangaza. Kwa hiyo kompyuta iliyopotewa na ufunguo wa kundi bado inasikika na wenzake. Yenyewe ndiyo haisikii wakiita. Inaweza kuuliza na kujibiwa, lakini ikiulizwa, hainyanyui kichwa. Ndiyo sababu ya kurasa zile kufunguka nusunusu huku printa ikiwa kama haipo.

Nilifungua tcpdump, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye mtandao, kwenye kompyuta mbili, moja ya maabara na moja yangu yenye chipu tofauti. Katika saa njema, zote mbili zilionyesha maswali ya ARP ya jirani zao, yaani ule mwito wa "ni nani mwenye anwani hii?". Ilipofika dakika ya kumi, ile ya maabara ilinyamaza: ilibaki kuonyesha maswali yake yenyewe na majibu yaliyoelekezwa kwake tu, wakati yangu iliendelea kupokea kila kitu. Nilipotazama mipangilio ya ruta, muda wa kubadilisha ufunguo wa kundi ulikuwa sekunde 3600.

Ufunguo wa kundi hubadilishwa kwa kupokezana nafasi mbili. Ruta huanza na nafasi namba 1, ikibadilisha inaweka ufunguo mpya katika nafasi namba 2, kisha inarudi 1, na kuendelea hivyo, ili ufunguo wa zamani usifutwe kabla wateja wote hawajapata mpya. Namba ya nafasi huandikwa waziwazi katika kila fremu, yaani kila kifurushi cha data kinachorushwa hewani, nje ya sehemu iliyofichwa, kwa hiyo huhitaji nywila kuisoma. Kompyuta yangu niliiweka katika hali ya kusikiliza hewa yote, nikatazama baiti ya nne ya kichwa cha CCMP, usimbaji unaotumiwa na WPA2, katika fremu za kundi. Kabla ya dakika ya kumi baiti hiyo ilikuwa 0x60, ambayo ni nafasi ya 1. Baada yake ikawa 0xa0, nafasi ya 2. Fremu za jozi zilibaki 0x20 muda wote, maana ufunguo wa jozi hukaa nafasi ya 0. Maabara ilikuwa inakufa kila 0xa0 ilipoingia na kufufuka kila 0x60 iliporudi. Kuzima na kuwasha kompyuta hakukusaidia kitu katika saa mbovu, kwa sababu hata anayejiunga upya wakati huo hupewa ufunguo wa nafasi ya 2.

Hapo ruta ilikuwa haina lawama, na wpa_supplicant pia, kwa kuwa kumbukumbu zake zilionyesha kwamba kila ufunguo mpya ulipokelewa na kukabidhiwa. Ilibaki draiva, programu inayoiendesha chipu ya kijiantena. Katika Linux, sehemu ya keneli (kiini cha mfumo) iitwayo mac80211 humpa draiva ufunguo na kumwuliza kama chipu itaufanyia kazi. Draiva ikikataa, mac80211 hufumbua fremu yenyewe kwa kutumia prosesa, polepole kidogo lakini kwa usahihi. Draiva yetu haikukataa. Ilipokea kila ufunguo na kujibu sifuri, yaani mambo ni shwari, na ndiyo maana hakuna mstari hata mmoja wa onyo ulioandikwa popote.

Draiva nyingi zina kigezo cha kuzima usimbaji wa chipu. Katika ath9k, draiva ya chipu za Atheros, kinaitwa nohwcrypt; katika iwlwifi, ya Intel, ni swcrypto. Hii yetu nayo ilikuwa nacho. Nilikiwasha kwenye kompyuta moja, dakika ya kumi ikapita, printa ikabaki inaonekana. Kwa shule hiyo ningeweza kuishia hapo na kudai malipo yangu, na nakiri kwamba kwa kompyuta ishirini na nane za maabara, ambazo sikuwa na nafasi ya kuzifanyia zaidi ya hapo wiki ile, ndivyo nilivyofanya.

Chanzo chenyewe nilikiona katika debugfs, mahali ambapo keneli huonyesha hali yake ya ndani kwa wachunguzi, chini ya ieee80211/phy0/keys, ambako kila ufunguo una saraka yake. Katika saa mbovu, faili la keyidx lilisema 2, na faili la hw_key_idx kando yake likasema 1. Si lazima namba hizi mbili zifanane, kwani chipu nyingi hupanga funguo zao zinavyotaka; lakini chipu hii, kwa jinsi draiva ilivyoandika jedwali lake la funguo za kundi, hutafuta ufunguo kwa kufuata namba iliyo ndani ya fremu. Namba ya fremu ya mwisho iliyopokelewa, katika faili la rx_spec, nayo ilikuwa imesimama palepale. Nilipofungua msimbo, nilikuta aliyeuandika ameweka namba 1 kwa mkono kwa kila ufunguo usio wa jozi. Ufunguo wa 2 ulikuwa unaingizwa katika droo ya 1, na chipu ilikuwa inafungua droo ya 2, inaikuta tupu, inaitupa fremu. Namwelewa mwandishi: akijaribu kwa nusu saa mezani kwake, kila kitu kinafanya kazi.

Marekebisho yalikuwa ya mstari mmoja, kuchukua namba kutoka keyidx. Kuyapima kwa kusubiri saa nzima ni adhabu, kwa hiyo karakanani niliwasha hostapd, programu inayoigeuza kompyuta kuwa ruta ya Wi-Fi, na kuweka wpa_group_rekey=60, nikaiacha ibadilishe ufunguo kila dakika usiku kucha huku arping, programu ya kutuma maswali ya ARP, ikiita kutoka kompyuta nyingine. Saa za usiku wa manane, baada ya mabadiliko mengi mazuri, mwito ulikosa jibu kwa dakika moja nzima. Sehemu ya kufuta nayo ilikuwa na ile 1 ya mkono: draiva ilipoambiwa iondoe ufunguo wa zamani wa nafasi ya 2, ilifuta droo ya 1. Kwa kawaida hilo halidhuru, kwa kuwa droo ya 1 huandikwa upya zamu yake ikifika, lakini kompyuta iliyokatika na kujiunga tena katikati ya mabadiliko ilijikuta imefutiwa ufunguo uliokuwa unatumika.

Kiraka nilichowatumia watunzaji wa draiva kina mistari miwili, mmoja wa kuweka na mmoja wa kufuta, na kimesainiwa kama kanuni za keneli zinavyotaka, kwa jina langu kamili. Mwalimu bado anaandika saa katika daftari lake. Ukurasa wa wiki hii una tarehe tu.