Samansi ya shahidi aliye nchi nyingine

Samansi ya shahidi ni amri: fika mahakamani siku fulani, na usipofika bila sababu utakamatwa. Nguvu hiyo huishia mpakani. Polisi wa Nairobi hawawezi kwenda Muscat, Oman, kumkamata mtu aliyekaidi hakimu wa Kenya. Kwa hiyo kinachovuka mpaka huwa ni ombi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 kuhusu ushirikiano wa kimataifa katika kesi za jinai inasema hivyo waziwazi: samansi iliyopelekwa nje haimfungi aliyeipokea, na asipofika hajaidharau mahakama.

Marekani ina msimamo mkali zaidi kwa watu wake. Harry Blackmer, Mmarekani tajiri wa mafuta aliyekuwa akiishi Ufaransa, alikaidi wito mara mbili katika kesi za Teapot Dome, kashfa ya rushwa kuhusu mafuta ya serikali. Alitozwa faini ya jumla ya dola 60,000, na Mahakama ya Juu ikaiidhinisha mwaka 1932. Lakini aliumia kwa sababu mali yake ilikuwa bado Marekani.

Kwa kesi za jinai, ombi hupitia mamlaka kuu ya kila nchi, yaani ofisi iliyoteuliwa kutuma na kupokea maombi hayo. Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2011, ni Ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Huko linakokwenda, hakimu wa nchi ile humwita shahidi kwa samansi yake mwenyewe, na hiyo ndiyo yenye meno. Shahidi huhojiwa hapohapo kwa taratibu za huko, au kwa video. Hata ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilipoamua mwaka 2014 kuwalazimisha mashahidi wanane wa kesi ya Wakenya William Ruto na Joshua arap Sang, iliagiza wasikilizwe wakiwa Kenya.

Maombi mengi huharibikia kwenye karatasi. Sanduku la posta si mahali pa kumkabidhi mtu hati. Andika mtaa, nyumba, mahali pa kazi. Ambatisha muhtasari wa kesi, vifungu vya sheria na tafsiri. Maswali ndiyo hasa ya kuangaliwa, maana hakimu wa nje huenda akasoma yaliyoandikwa tu. Ukiuliza "Ulisaini mkataba?" na shahidi akajibu "Nilisaini ukurasa mmoja", hakuna wa kumuuliza ni upi. Omba mapema mawakili waruhusiwe kuhudhuria. Wala usitume wakili akachukue ushahidi kimyakimya: Uswisi, kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 271 cha sheria ya adhabu ya nchi hiyo.

Shahidi akikubali kusafiri, adai hakikisho la usalama kwa maandishi kabla ya kukata tiketi. Chini ya Mkataba wa Palermo wa mwaka 2000, ule wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, hashtakiwi wala kuzuiliwa kwa mambo ya kabla hajaondoka kwao. Akishaarifiwa rasmi kwamba hahitajiki tena, kwa kawaida ana siku 15 mfululizo za kuondoka. Akibaki kwa hiari, kinga inakwisha. Inakwisha pia akiondoka kisha akarudi mwenyewe. Na akisema uongo baada ya kiapo, kinga hiyo haimhusu.