Nguzo haihami, shiti ndizo zinazodanganya

Fungua PDF ya ramani za nyumba ya ghorofa, nenda kwenye shiti (karatasi ya mchoro) ya ghorofa ya chini, kisha bonyeza ukurasa unaofuata huku jicho limetulia kwenye nguzo moja, tuseme ile ya makutano ya gridi C na 3, yaani mistari ya jengo inayotajwa kwa herufi na namba. Nguzo ikiruka, ujue aliyepanga shiti hizo alizipanga kwa jicho. Ukimwuliza atakuwa na jibu. Majibu yenyewe nimeyasikia mengi ofisini, na mawili matatu niliwahi kuyatoa mimi mwenyewe.

"Mbona nimeweka kila mchoro katikati ya karatasi?"

Hili ndilo linaloaminika zaidi, kwa sababu kwa macho linapendeza. Lakini katikati ya nini? Programu hupima fremu ya mchoro, yaani kila kilichomo pamoja na vipimo na maandishi ya pembeni. Jengo lenyewe hailijui. Sasa tuseme ghorofa ya chini ina upana wa mita 18, na ya kwanza ni hiyohiyo ila imetokeza roshani ya mita 1.5 upande wa kulia. Kwa skeli ya 1:100, roshani hiyo ni milimita 15 kwenye karatasi. Ziweke zote mbili katikati: jengo la ghorofa ya kwanza litakuwa limesogea kushoto milimita 7.5. Kwenye karatasi ni unene wa penseli, saiti ni sentimita 75.

"Huo ni urembo tu, vipimo si vimeandikwa?"

Vimeandikwa, na ni kweli fundi hujengea vipimo, hajali mchoro umekaa wapi kwenye karatasi. Ila makosa ya ramani hayakamatwi kwa kusoma vipimo peke yake. Enzi za wino, mchoraji alitandika karatasi angavu ya ghorofa ya juu juu ya ile ya chini, akaona papo hapo ngazi isiyokutana na ngazi. Saiti bado wanafanya hivyo kwa namna yao. Niliwahi kumkuta fomani ameshika shiti mbili pamoja, kingo kwa kingo, amezielekeza kwenye jua, anatafuta bomba la choo cha juu linashukia wapi. Shiti zilikuwa zangu, na hazikulingana. Akanigeukia kwa upole: "Injinia, hii nyumba imehama?" Mimi wala si injinia, lakini siku hiyo sikuwa na mdomo wa kumrekebisha.

"Nikishaiweka mahali pake, programu itaishikilia."

Inategemea imeshikwa wapi. Kwenye ArchiCAD, programu ya kuchora majengo, kila mchoro uliowekwa kwenye shiti una nanga, na unachagua nanga hiyo iwe moja ya nukta tisa za fremu au nukta sifuri ya mradi, pale X na Y zote ni sifuri. Ukiiacha kwenye kona au katikati ya fremu, kinachobaki palepale ni hiyo kona au hiyo katikati. Mwenzako akiongeza mstari mmoja wa vipimo upande wa kushoto, fremu inapanuka, na jengo linasukumwa bila mtu kuligusa. Unagundua usiku wa kuamkia kuwasilisha. Weka nanga kwenye nukta sifuri, kisha iteremshe kwenye X na Y zilezile kwa kila shiti ya plani. Baada ya hapo fremu ipanuke inavyotaka, gridi A-1 haitoki.

Hapo ndipo wengine hujikwaa kwa dhana nyingine, kwamba nukta sifuri lazima ifuate namba za mpima ardhi. Kwa UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, kiwanja cha Dar es Salaam kiko kama mita 9,248,000 kwenye mhimili wa kaskazini na mita 531,000 kwenye ule wa mashariki. Ukichora nyumba kwenye namba hizo, nukta sifuri iko mbali mno kuwa nanga ya kitu chochote, na programu nyingi za usanifu huanza kuyumba katika usahihi zinapochora mbali hivyo na sifuri. Mimi huiweka sifuri kwenye makutano ya gridi A na 1, halafu namba za mpima zinakaa kwenye nukta yake maalumu ya upimaji.

"Nitanakili shiti ya kwanza, nibadilishe jina, basi."

Kwa AutoCAD, programu nyingine ya kuchora, hii si mbaya kabisa, mradi ujue umenakili nini. Umenakili dirisha lile lile, yaani tundu kwenye shiti linaloonyesha sehemu ya mchoro, likitazama mahali pale pale. Kama ghorofa zako umezichora kando kando, dirisha bado linaonyesha ghorofa ya chini, na wengi hapo huvuta kwa kipanya mpaka "ionekane sawa". Acha kuvuta. Zichore kwa umbali usiobadilika, mathalani milimita 50,000 kwenda kulia, fungua kufuli la dirisha, ingia ndani yake, andika -PAN (amri ya kusogeza mtazamo), toa -50000,0 na ubonyeze Enter mara mbili. Funga kufuli. Ukisahau kufuli, mtu akizungusha kigurudumu cha kipanya ndani ya dirisha hilo, skeli na mahali vyote vimekwenda.

Watu wa Revit, programu nyingine ya majengo, wana njia fupi: Guide Grid (gridi ya kuongozea) moja inayopewa shiti zote, na mistari ya gridi ya jengo hujinasa juu yake unapousogeza mchoro kwa amri ya kusogeza. Ukimaliza, upigie pini usisogee tena.

"Kwa hiyo kila shiti lazima ilingane na nyingine."

Hapana. Zinazolingana nukta kwa nukta ni plani za skeli moja: za usanifu, za nguzo na mihimili, za umeme, za maji. Mikato (jengo likionyeshwa kama limekatwa) na mionekano (sura zake za nje) iliyopangwa kando kando inahitaji mstari wa ardhi uwe kimo kimoja, ili jicho likitembea kutoka mbele hadi ubavuni lisikute jengo limezama. Michoro ya kina ya 1:5, ya fremu ya dirisha au kona ya paa, ipange popote ilipo nafasi.