Kwa nini kichwa-nyoka humrukia chura wa mpira na bado akamkosa?

Vijana wa soko la samaki pale Bagamoyo wana video wanayorushiana kwenye simu. Mzungu yuko kwenye kiboti, anaburuta chura wa mpira, chambo cha bandia chenye ndoana, juu ya majani yaliyofunika kijito. Ghafla maji yanapasuka, samaki mwenye madoa meusi anaibuka mdomo wazi, na chura anarushwa hewani. Anaburutwa tena, anapigwa tena, anakoswa tena. "Mjomba, kwani yule samaki kipofu?" aliniuliza mmoja wao huku akipara changu. Kipofu si kipofu, ila swali lina uzito kuliko alivyodhani.

Huyo ni kichwa-nyoka wa kaskazini, kwa jina la kitaalamu Channa argus. Kwao ni China, Korea na mashariki ya mbali ya Urusi. Marekani alifikishwa na watu. Mwaka 2002 alikutwa kwenye bwawa dogo huko Crofton, jimbo la Maryland, na wakubwa wakatia sumu bwawa zima ili kummaliza. Mwaka 2004 akaonekana kwenye mto Potomac, ule unaopita Washington, na huko hajatoka mpaka leo. Kumsafirisha akiwa hai ni kosa kisheria, na anayemvua huhimizwa amuue na amle. Afrika nayo ina jamaa zake, lakini wako magharibi na katikati ya bara, si kwenye mito ya pwani yetu.

Kinachomfanya apende majani ni pumzi yake. Juu ya matamvua ana vyumba vya kupokea hewa, na akishakua ni lazima apande juu kuivuta. Ukimzuia asifike juu, atakufa maji. Kambale wa mto Ruvu naye ana kiungo cha kazi hiyo hiyo, ndiyo maana ukimweka kwenye ndoo yenye maji kidogo unamkuta bado anakutazama baada ya saa nyingi. Mimea iliyosongamana majini hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nayo huitumia, na kukipambazuka siku za joto maji yanakuwa hayana pumzi. Samaki wengine husogea pembeni, yeye anabaki na kuwinda. Kitu kimoja tu humuumbua: akija juu kuvuta hewa huacha mapovu, na mvuvi mwenye subira huyaona.

Sasa njoo kwenye maji kupwa na kujaa, maana hapa ndipo mtu wa Bagamoyo anapoweza kumfundisha Mmarekani. Sehemu ya Potomac anayoishi kichwa-nyoka ina maji matamu, lakini yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku. Bahari ikijaa huko chini huusukuma mto urudi nyuma, huku chumvi yenyewe ikiishia mbali. Kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Kule karibu na Washington ni kama mita 1 tu, au pungufu. Usiidharau. Kwenye kijito ambacho maji yake yanafika magotini, nusu mita inatosha kuamua samaki yuko wapi.

Maji yakijaa, kichwa-nyoka huingia ndani kabisa, katikati ya matete na majani mapana, mahali ambapo boti haipiti na chambo hakifiki. Yakianza kupwa, hana budi kurudi nyuma pamoja na vidagaa vinavyokimbia ukavu. Hapo husimama kwenye midomo ya vijito, akingoja mkondo umletee chakula. Wazee waliosimika wando, ule uzio wa kunasia samaki, kwenye mahori ya mikoko walitegemea jambo hilo hilo: samaki aliyeingia na maji lazima atoke na maji, na njia za kutokea ni chache. Basi saa za mwisho za kupwa ndizo nzuri, na kwa kuwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, saa iliyokupa samaki jana leo si yako. Anayehesabu mwezi analijua hilo bila kuambiwa.

Tatizo ni kwamba saa hizo hizo ndizo za tope na majani. Potomac ina gugu linaloitwa haidrila, lililoingia mtoni humo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maji yakiwa mengi husimama wima chini, na juu yake kunabaki nafasi ya kupitisha chambo. Yakipungua, mashina yake hulala juu kama mkeka. Ndoana ya kuzama haina kazi hapo, kila ukivuta unaleta konzi ya majani. Ndiyo maana wakabuni chura wa mpira aliye mtupu ndani. Anaelea, na ndoana zake mbili zimegeuzwa juu, zikalazwa mgongoni ili zisinase kwenye gugu.

Na hapo ndipo jibu la yule kijana lilipojificha. Kinachomwokoa chura na majani ndicho kinachomwokoa samaki na ndoana. Ili ncha zitokeze, mwili wa chura lazima ubanwe mpaka ubonyee. Samaki akimgonga tu, au akimkamata mguu, ndoana hazijatoka bado. Tena mdomo wa kichwa-nyoka ni mfupa mtupu na meno. Hata ncha ikigusa, haiingii bila kuvutwa kwa nguvu.

Yeye mwenyewe analenga kwa shida. Akiwa chini ya mkeka ule hamwoni chura sawasawa. Anahisi mtikisiko kwa mstari wa hisia unaopita ubavuni, ule ambao samaki wengi wanao, kisha anarukia mahali mtikisiko ulipotokea. Chura akiwa anaburutwa haraka, ameshapita. Halafu samaki anatoka chini kwenda juu, na kabla mdomo haujafika, wimbi lake na majani vinafika kwanza. Chura mwepesi aliyejaa hewa anarushwa pembeni. Ndiyo kusema wavuvi wazoefu humvuta kidogo, wakamwacha atulie kwenye kila tundu lililo wazi kati ya majani, ili samaki apate muda wa kujua shabaha yake.

Lakini nikiulizwa nani anakosa zaidi, nitasema ni mtu. Anayevua kwa mshipi wa chini, kama tunavyovua changu hapa, husikia samaki kidoleni kabla ya kujua lolote. Kwa chura ni kinyume: jicho linaona maji yakilipuka, mkono unashtuka, na chura ananyofolewa mdomoni kabla taya hazijafunga. Dawa yake ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Subiri uzito uje kwenye mshipi, ndipo uvute, na uvute kweli. Hapo nailoni haifai kwa sababu inanyumbuka na kumeza ile nguvu. Wanatumia mshipi wa kusuka. Samaki akishanaswa hupiga mbizi kwenye gugu papo hapo, kwa hiyo asipoinuliwa kichwa mara moja, utavuta kilo za majani na yeye ameshakwenda zake.

Kuna kipindi cha kiangazi cha Marekani ambapo hata hayo yote ukiyafuata, samaki anakosa makusudi. Dume na jike hulinda vifaranga vyao, vinavyokaa kundi moja na kupanda juu pamoja kuvuta hewa, uso wa maji ukichemka. Chura akipita hapo anapigwa kwa ajili ya kufukuzwa. Mzazi humgonga au humuuma na kumtema, hana njaa naye. Wapo Wamarekani wanaotafuta makundi hayo kwa makusudi. Mimi sipendi kuvua mzazi juu ya watoto, ila nikikumbuka kwamba samaki huyu hatakiwi kabisa kwenye mto ule, hoja yangu inapungua nguvu.

Je, chura wa mpira angefaa Ruvu? Kwa kambale, sitegemei sana. Yeye hutafuta chakula zaidi usiku, kwa harufu na kwa zile sharubu zake, mara nyingi karibu na tope, na mpira hauna harufu ya kumvutia. Chambo cha utumbo kwenye ndoana ya kawaida kitamleta mapema zaidi. Na kwa kuwa Ruvu ina mamba na viboko, anayetaka kujaribu aulize wenyeji kwanza ni ukingo gani unasimamika.