Glavu Si Mikono Safi: Maswali ya Wanafunzi wa Udaktari, Kisumu

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa nimewapokea wodini wanafunzi wa udaktari wanaoanza kugusa wagonjwa hapa Kisumu. Maswali haya yalizidi mwaka 2021, aina ya Delta ya korona ilipotufikia Mei, na Juni kaunti 13 za kanda ya ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Bado naulizwa hadi leo.

Sista, kunawa mikono tulifundishwa mwaka wa kwanza. Mbona mnaturudisha hapo hapo?

Kwa sababu anayejua si lazima awe anatenda. Kijana mmoja alinitajia nyakati tano za Shirika la Afya Duniani bila kukwama: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kuweka dripu, baada ya hatari ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Nikafurahi. Muda si muda simu yake ikatetema. Akaitoa mfukoni na glavu zile zile alizokuwa amemshikia mgonjwa wa kuhara, akasoma ujumbe, akairudisha, akaelekea kitanda cha pili. Nilipomsimamisha akashangaa: "Lakini Sista, si nimevaa glavu?"

Glavu zilimkinga yeye. Mama wa kitanda cha pili zilikuwa zinamletea kinyesi cha jirani yake. Na ile simu, jioni ingewekwa mezani kando ya samaki na ugali. Glavu ni za mgonjwa mmoja. Ukizivua unanawa, hata kama zinaonekana safi, kwa maana huwa na vitundu usivyoviona, na mikono huchafuka wakati wa kuzivua.

Sanitaiza au sabuni?

Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, sanitaiza ya alkoholi inatosha: sugua sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke yenyewe. Sabuni na maji yanayotiririka huchukua sekunde 40 hadi 60. Alkoholi huua virusi vya korona kwa kuvunja utando wao wa mafuta. Norovirus, virusi vya kuharisha, haina utando huo, na spora, yaani mbegu ngumu, za bakteria wa kuharisha Clostridioides difficile hazijali alkoholi. Kwa hiyo ukitoka kwa mgonjwa anayehara, nenda kwenye sinki. Kama mfereji umekauka, tafuta dumu. Usiseme maji hayakuwapo.

Nikiwa na barakoa ya N95 niko salama?

Ikikaa vizuri usoni, huchuja angalau asilimia 95 ya chembechembe. Ndevu zikiipa mwanya, au ikishushwa kidevuni ili usikike kwenye raundi, umevaa pambo. Tena nawaomba muogope zaidi saa ya kuvua kuliko ya kuvaa, maana wakati huo umechoka na unataka kwenda nyumbani. Anza na glavu, kisha gauni, nawa, halafu miwani. Barakoa iwe ya mwisho, ukiwa umeshatoka chumbani. Ivue kwa mikanda bila kushika mbele, kisha nawa tena.

Koti jeupe nalo lina shida gani?

Mikono yake hugusa shuka, kisha inapanda nawe tuktuk hadi Kondele. Livue kabla ya kutoka, lifue mara kwa mara.

Mkumbuke Vienna, 1847. Daktari Ignaz Semmelweis aliona kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari na wanafunzi wao walikufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja moja kwa moja kwa akina mama wanaojifungua. Aprili walikufa zaidi ya akina mama 18 katika kila 100. Akaamuru wanafunzi na madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini. Kufikia Juni walikuwa kama 2. Walioleta kifo kile walikuwa vijana wenye bidii kama ninyi, na hilo huniuma kila ninapolisimulia.

Jiki tunachanganyaje?

Ikiwa ya klorini asilimia 3.5: kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, upate asilimia 0.5 ya kusafishia damu iliyomwagika. Ichanganye upya kila siku, na usiitie pamoja na dawa nyingine ya choo. Hutoa gesi ya sumu.

Mgonjwa akiniuliza kama nimenawa, si ni kunidharau?

Hapana. Ana haki, na mara nyingi anaogopa kukuuliza. Bibi mmoja mwenye nimonia alimwambia msichana wa mwaka wa nne, "Mjukuu wangu, mikono hiyo imetoka wapi?" Msichana akatahayari, akarudi kwenye sinki, akanawa hadi vifundoni huku bibi akimtazama. Aliporejea, bibi alikuwa ameshakunja mkono wa gauni lake, tayari kupimwa presha.