Rangi haiponyi ukuta: dhana potofu kuhusu bajeti ya kukarabati nyumba Dar

Nyumba ya mama yetu iko Magomeni, ni ya zamani, vyumba vinne na baraza. Siku tulipokaa ndugu kupanga ukarabati, kila mmoja alitaja anachokitaka: marumaru, dari la jipsamu, rangi mpya. Tukajumlisha, hela ikaonekana inatosha. Hakuna aliyepanda kuangalia mbao za paa, wala aliyeinama kuukagua ukuta. Nimeona bajeti nyingi za hapa mjini zikiharibika namna hiyo, hata fundi hajaitwa.

Dhana: Ukuta ukibabuka, paka rangi ya bei zaidi.

Nyumba nyingi za zamani zilijengwa bila tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Maji hupanda kutoka ardhini, au hutoka kwenye bomba lililozikwa ukutani, na yanapokaukia usoni mwa ukuta huacha chumvi. Chumvi hiyo ndiyo inayoisukuma rangi ivimbe na kubanduka, hasa futi tatu za chini. Kwetu ukikwaruza kwa ukucha ripu, yaani plasta ya ukuta, ilimwagika kama unga, kidole kikabaki cheupe. Tulikuwa tumeshapaka hapo mara mbili.

Fundi wa tatu aliikataa hela yetu. "Dada, nikipaka leo, masika yakiisha utanipigia tena." Akaanza kuyatafuta maji yanakotoka, akalikuta bomba la bafuni linavuja taratibu ndani ya tofali. Bomba likabadilishwa, ripu ikabomolewa, mpya ikapigwa na kuachwa ikauke wiki nne kabla ya rangi. Kwa hiyo kwenye daftari kazi hiyo si mstari mmoja wa rangi. Kuna bomba, kuna kubomoa, kuna kirikuu cha kuzoa kifusi, kuna saruji na mchanga, kuna ufundi. Rangi huja mwisho, na kwetu ndiyo iliyokula hela kidogo kuliko vyote.

Dhana: Fundi mzoefu akitupa macho tu anajua idadi.

Uzoefu wake ni mali, lakini futi kamba haikosei. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5. Sakafu ni mita 14 za mraba. Vile vipande vya kuzungushia chini ya ukuta, kwa mzunguko wa mita 15 na kimo cha sentimita 10, vinaongeza mita 1.5 za mraba. Jumla 15.5. Weka asilimia 10 za kukatwa na kuvunjika, unafika kama mita 17 za mraba. Boksi la marumaru za sentimita 60 kwa 60 mara nyingi lina vipande vinne, yaani mita 1.44 za mraba. Unahitaji maboksi 12.

Ukikisia ukanunua 10, utarudi Kariakoo kwa nauli nyingine, na huenda toleo lile limeisha. Marumaru za toleo jingine, hata kama jina ni lilelile, zinaweza kutofautiana rangi kidogo, na tofauti hiyo utaiona kila jioni taa ikiwashwa.

Dhana: Bati la geji 32 ni nene kuliko la geji 28.

Ni kinyume kabisa. Geji ni namba ya unene wa bati, na namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Unapolinganisha bei za maduka mawili, hakikisha geji ni ileile.

Dhana: Nunua saruji yote mapema kabla haijapanda bei.

Saruji hupoteza nguvu ikikaa, na unyevu wa pwani unaiharakisha. Nunua ya kazi ya wiki chache, ipange juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiitumie. Kama unahofia bei, tanguliza marumaru, kwa sababu haziozi.

Dhana: Nyumba ni yangu, kibali ni cha wanaojenga upya.

Kuongeza chumba au kubadilisha ramani ya jengo kunahitaji kibali cha halmashauri. Kiulizie mapema na gharama yake iingie kwenye hesabu, maana kazi ikisimamishwa katikati, vifaa vinakaa mvuani.

Dhana: Bajeti ikijumlishwa vizuri haihitaji akiba.

Nyumba ya zamani ina mambo usiyoyaona mpaka uibomoe. Tenga asilimia 10 mpaka 20 pembeni, na fundi mlipe kwa hatua za kazi zilizokamilika, usimpe zote mwanzoni. Sisi tulipofungua paa tulikuta kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimeliwa na mchwa. Akiba ikaishia hapo, na hela ya jipsamu ikafuata. Sebule ya mama bado ina dari lake la zamani la hadibodi, na masika yaliyopita halikuvuja.