Kinachopandisha bili ya upasuaji wa moyo

Ndugu wa mgonjwa wakiona makadirio ya gharama ya kubadilisha vali ya moyo, yaani mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu, wengi hudhani fedha kubwa inakwenda kwa daktari mpasuaji. Mimi ni daktari wa usingizi. Nasimama upande wa kichwa cha mgonjwa tangu anapolala hadi anapofikishwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na sivyo ninavyoona.

Chukua oksijeneta peke yake. Ili vali ibadilishwe, moyo husimamishwa na damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Oksijeneta ndiyo pafu la mashine hiyo: chombo cha plastiki chenye maelfu ya nyuzi zenye uwazi ndani, oksijeni ikipita ndani ya nyuzi na damu nje yake. Kinatumika saa chache, kwa mgonjwa mmoja, kisha kinatupwa pamoja na mipira na kanula (mirija) zake za kupitishia damu. Hakioshwi wala hakichemshwi. Hicho, na vali yenyewe, vinaagizwa nje kwa dola, kwa hiyo shilingi ikishuka bili inapanda hata kama hospitali haijagusa bei zake.

Mishahara nayo haingoji mgonjwa. Timu nzima, pamoja na mtaalamu wa kuendesha mashine, inalipwa iwe imefanya upasuaji mmoja kwa wiki au kumi. Ndiyo maana naunga mkono wagonjwa kukusanywa sehemu moja, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanza 2015, badala ya kila mkoa kutaka chumba chake cha upasuaji wa moyo.

Lakini penye tofauti kubwa hasa ni ICU. Wagonjwa wawili hufanyiwa upasuaji uleule. Mmoja anatolewa mpira wa kupumulia siku hiyohiyo, mwingine anakaa wiki nzima kwenye ventileta, mashine ya kumsaidia kupumua, muuguzi wake pembeni usiku na mchana, damu ikiongezwa, figo zikisafishwa kwa mashine. Mara nyingi huyu wa pili alifika amechelewa: miguu imevimba, ini limejaa, presha ya mapafu iko juu.

Na wengi wao ni vijana. Ugonjwa ulianza utotoni, koo la bakteria lisilotibiwa likazaa homa ya baridi yabisi, nayo ikala vali. Mtoto aliyegundulika mapema hukingwa kwa sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne, dawa ya zamani na ya bei nafuu. Inaniuma kila nikimlaza kijana ambaye sindano hiyo ingemwepusha na kisu.

Kabla ya kusaini makadirio, uliza yamehesabu siku ngapi za ICU, na kama damu na vali zimo ndani. Uliza pia kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kinapatikana wapi karibu na nyumbani. Mwenye vali ya kimekanika atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kupimwa damu maisha yake yote, na nauli ya safari hizo haimo kwenye karatasi ile.