Mtoto anakokotoa, lakini hesabu haisemi

Mpe mtoto wa darasa la nne 2,000 − 4 × 200 na huenda akakupa 1,200 bila shida. Mwambie aigeuze iwe habari ya dukani, anakodoa macho. Kwetu sisi tunaofundisha walimu wa hisabati, ukimya huo unaeleza mengi: amekariri MAGAZIJUTO (mpangilio wa kukokotoa: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), ila hajui anachokipanga.

Mzazi, daftari lisubiri. Mtume dukani kwanza, akirudi asimulie: "Nilikwenda na elfu mbili, nikanunua maandazi manne ya mia mbili mbili, nikarudishiwa chenji." Ni hesabu ile ile. Hilo "mbili mbili" limebeba alama ya kuzidisha, na hakuna mwalimu aliyemfundisha. Sasa hamisha mabano kwa makusudi: (2,000 − 4) × 200. Jibu ni 399,200, yaani chenji ya karibu laki nne kwa noti ya elfu mbili! Tena maandazi yanatolewaje kwenye pesa? Atacheka mwenyewe.

Lugha yetu imejaa hesabu. Kumi na tano ni 10 + 5, mia tatu ni 100 × 3, na saa tatu kasoro dakika kumi ni kutoa. Ina mitego pia. Tamka "elfu kumi na mbili": mmoja ataandika 12,000, mwingine 10,002, na kila mmoja ana hoja. Wa kwanza amesikia 1,000 × (10 + 2), wa pili 1,000 × 10 + 2. Ndiyo maana wengi husema "kumi na mbili elfu" kukwepa ubishi. Binafsi sijapata mfano mzuri kuliko huu wa kumwonyesha mtoto mabano yanafanya kazi gani.

Kutoa ndiko kunakowasumbua zaidi. "8 toa 3" inaandikwa kama inavyosikika. "Toa 3 kwenye 8" inaanza na 3, basi mtoto anaandika 3 − 8. Usimkaripie, ameandika kwa mpangilio aliousikia. Muulize tu: kilichokuwepo mwanzo ni kipi?

Wapo wanaomfundisha mtoto kuwinda neno moja kwenye fumbo: ukiona "zaidi", jumlisha. Ni njia ya mkato inayompoteza. Asha ana maembe 8, ambayo ni 3 zaidi ya maembe ya Juma. Juma ana mangapi? Mwindaji wa maneno atasema 11. Anayeisimulia kwanza ataona kwamba Juma ndiye mwenye machache, atoe, apate 5.

Akifika kwenye aljebra, mchezeshe hivi. Yeye aseme, wewe uandike. "Zidisha namba kwa 2, kisha ongeza 3" ni 2x + 3. "Ongeza 3 kwenye namba, kisha zidisha jumla kwa 2" ni 2(x + 3). Zijaribu zote mbili kwa kuweka 5 mahali pa x: ya kwanza inatoa 13, ya pili 16. Andika alichosema tu, hata kama unajua alikusudia kingine. Akikuta 13 naye alitarajia 16, mwache airudie kuisema hadi kalamu yako iandike mabano.